Yule wa Mwisho Anakimbilia Wapi?

Jioni moja ya Machi 2024 tulikuwa hapa Mwanza kwenye daladala itokayo Buhongwa, tumekwama kwenye foleni ya Mkuyuni, na redio ya dereva ilikuwa ikitangaza bahati nasibu ya kutuma ujumbe mfupi. Sauti nzito ya mwanaume ilituhakikishia taratibu, kama mtu anayesimulia ngano, kwamba pikipiki, friji na fedha taslimu zilikuwa zikitusubiri sisi abiria. Kisha ikaingia sauti nyingine, nyembamba na ya haraka, iliyomaliza maneno yake kabla mtu hajapepesa jicho: vigezo na masharti kuzingatiwa. Binti yangu wa miaka 9, niliyekuwa nimempakata kwa kukosa kiti, aliinua kichwa akaniuliza, "Baba, yule wa mwisho anakimbilia wapi?"

Abiria waliokuwa karibu walicheka, nami nikacheka pamoja nao, kisha nikanyamaza kwa sababu sikuwa na jibu. Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi kiasi kwamba yalikuwa yamegeuka kuwa mlio tu, kama honi ya daladala yenyewe, na haikuwahi kunijia kwamba aliyeyatamka ni binadamu aliyeelekezwa studioni ayaseme upesi. Nilimwambia kwamba anakimbia ili tusimsikie. Alifikiri mpaka tulipofika Igogo, akasema, "Basi yeye ndiye wa kumsikiliza."

Ni lazima nikiri mapema kwamba katika jambo hili mimi si mtazamaji. Kwa miaka 11 riziki yangu imetokana na kutengeneza mabango, stika na vipeperushi kwenye duka dogo la uchapaji jirani na Makoroboi, na watoto wangu wamelishwa, wamevishwa na kulipiwa ada kwa fedha za matangazo. Wiki ileile ya safari ya daladala nilikuwa nimemaliza kazi ya mteja anayeuza sato. Picha aliyoniletea ilipigwa saa tisa alasiri, samaki wakiwa juani tangu asubuhi, na macho yao yalikuwa yameingia ndani na kufanya ukungu. Nilichukua jicho la samaki mwingine kutoka kwenye picha ya zamani, jicho linalong'aa kama tone la maji, nikalipandikiza. Nikaongeza wekundu kidogo kwenye matamvua. Nikanyunyiza matone ya maji ambayo hayakuwahi kuwepo. Kazi nzima ilichukua dakika 20. Mteja alifurahi mno, akasema sasa samaki wake wamefufuka.

Na huku baba yao akifufua samaki kwenye kompyuta, mama yangu mzazi huwapeleka wajukuu wake Mwaloni, Kirumba, kila likizo, na kuwafundisha kununua samaki wa kweli. Nimewahi kusimama nyuma yao nikatazama somo hilo. Bibi haanzi na samaki mzima, kwa sababu samaki mzima hupendeza daima. Anaanza na jicho, ambalo halina budi kuwa limejaa na kung'aa. Anafunua matamvua aone kama bado ni mekundu au yameanza kuwa ya kahawia. Anabonyeza ubavu kwa kidole gumba na kungoja nyama irudi mahali pake. Mwisho ananusa. Kwenye dagaa anazamisha mkono hadi chini ya sadolini, maana walio wazuri hupangwa juu, kisha anasugua wachache kiganjani asikilize kama kuna mchanga. Wauzaji wa Mwaloni wana maneno matamu kuliko redio yoyote, na muda wote huo wanaruhusiwa kusema watakavyo, lakini bibi hajibu neno mpaka kidole kimalize kazi yake. "Samaki hasemi," huwaambia wajukuu, "anayesema ni mwenye samaki."

Nilipoyaweka mambo haya mawili pamoja, swali la daladala na kidole cha mama yangu, niliona kwamba watoto wa ziwani wanalelewa tangu wadogo katika ustadi wa kupima kauli ya muuzaji, ila hakuna aliyewaambia kwamba ustadi huo unafaa pia kwa picha na sauti. Mtoto anayeweza kumkataa sangara mwenye matamvua ya kahawia akiwa darasa la pili, anafika darasa la saba akiamini kwamba kinywaji fulani kitamfanya acheze mpira kama mchezaji aliye kwenye chupa.

Wahenga walituachia kauli kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wafanyabiashara nao wana kauli yao, kwamba biashara ni matangazo. Mtoto anayekua kati ya kauli hizi mbili ana haki ya kuchanganyikiwa, maana siku hizi kizuri nacho kinajitembeza: sabuni nzuri hutangazwa, chandarua hutangazwa, na hata fundi hodari wa baiskeli pale Mabatini amepachika bango mlangoni (nimelitengeneza mimi, na ufundi wake naudhamini). Kwa hiyo methali ile, pamoja na utamu wake, haitoshi kumwongoza mtoto. Ikichukuliwa kama ilivyo, inamfundisha kukataa kila kinachotangazwa, na huko nitarudi, kwa sababu nyumbani kwangu tuliangukia shimo hilohilo.

Kwanza niseme mtoto wa Mwanza anaishi ndani ya nini. Mtu anaweza kudhani kwamba matangazo ni yale ya televisheni na simu, lakini matembezi mafupi kutoka nyumbani kwetu Nyakato hadi shuleni yanatosha kuonyesha vinginevyo. Maduka yamepakwa rangi za kampuni za simu kuanzia msingi hadi paa. Nguzo za umeme zimebandikwa karatasi za waganga wanaorudisha wapenzi na mali zilizopotea. Gari la matangazo hupita likiburuza muziki, na miavuli ya mawakala wa fedha, viti vya plastiki vya mgahawa, hata aproni ya mama lishe, vyote vimeandikwa jina la kampuni. Mwanangu mdogo, mwenye miaka 5, alijifunza rangi kwa maduka hayo kabla ya kujifunza kwa vitabu. Mwishoni mwa mwaka 2024, Tigo ilipobadilisha jina na kuwa Yas, kuta zilianza kupakwa upya mjini kote, naye akanijia na wasiwasi wa kweli kwamba duka la Mangi limehama. Mangi alikuwa palepale, na mizani ileile. Nilimweleza kwamba ukuta ule ni wa Mangi, ila rangi ni ya mtu mwingine, na ndiyo mara yake ya kwanza kujua kwamba rangi ya ukuta inaweza kuwa ni neno la mtu.

Umri nao ni jambo la kuzingatia. Ripoti ya mwaka 2004 ya Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani ilieleza kwamba watoto walio chini ya miaka 8 kwa kawaida bado hawana uwezo wa kutambua kwamba tangazo limekusudiwa kumshawishi. Wanalichukua kama habari tu, sawa na mtu anayewaambia kwamba mvua inanyesha. Ndiyo maana Québec, huko Kanada, ilipiga marufuku tangu mwaka 1980 matangazo ya biashara yanayolenga watoto wa chini ya miaka 13, na Uswidi nayo tangu mwaka 1991 haikuruhusu matangazo ya televisheni yanayolenga walio chini ya miaka 12. Sisi Tanzania tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mlaji na iliyounda Tume ya Ushindani, lakini sheria ya namna hiyo humsaidia zaidi mtu mzima aliyekwisha kudanganywa na mwenye nguvu ya kulalamika. Mtoto wa miaka 5 halalamiki. Yeye hulia dukani.

Kwa sababu hiyo, kwa mdogo nilijiwekea lengo dogo: kutenganisha. Tukiangalia katuni, tangazo likiingia, wa kwanza kusema "duka!" anashinda. Hakuna hotuba inayofuata. Baada ya mwezi mmoja alikuwa akipiga kelele ya "duka!" mbele ya mabasi, kalenda na fulana za watu, mara moja akiwa kanisani wakati wa matangazo ya mnada wa mavuno, jambo ambalo mama yake hakulifurahia.

Kwa wale wawili wakubwa tulifanya majaribio, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo nilipojifunza mimi mwenyewe. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwapa watoto 63 wa California, wenye miaka 3 hadi 5, vyakula vilevile viwiliviwili, kimoja kikiwa kwenye karatasi ya McDonald's na kingine kwenye karatasi isiyo na nembo. Watoto walio wengi walisema kilichofungwa kwenye nembo ndicho kitamu zaidi, na walisema hivyo hata kwa karoti, ambazo wakati huo mkahawa huo haukuwa ukiziuza. Nilisoma habari hiyo nikaona kwamba mtu mwenye mashine ya kuchapa hana sababu ya kuamini bila kujaribu. Nilinunua karanga za kukaanga kwa mama mmoja wa Buzuruga, nikazigawa mafungu mawili, moja nikaliacha kwenye karatasi ya daftari lililotumika, kama anavyofunga yeye, na jingine nikalitia kwenye mfuko niliouchapa kwa rangi ya dhahabu, wenye picha ya jua linalochomoza ziwani na neno "Asilia". Jioni niliyaweka yote mezani bila maelezo.

Binti alisema za mfuko zina chumvi nzuri zaidi. Kaka yake, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 13 na anajua kila kitu, alisema za karatasi zina harufu ya wino. Mama yao, ambaye hakuambiwa lolote, alisema za mfuko ni za nje, zinaonekana. Nilipowaeleza ukweli walikataa kabisa, ikanibidi nivichanganye vifungu hivyo mbele yao na kuwataka wazitenganishe kwa kuonja. Walishindwa. Kijana alikasirika kidogo, na hasira yake ilinipendeza, kwa sababu ilimwelekea yeye mwenyewe: alitaka kujua ni vipi ulimi wake ulimdanganya. Nikamwambia ulimi haukudanganya, macho ndiyo yalitangulia kuonja.

Tangu hapo wakanigeukia mimi kama shahidi wa siri za kazi. Walitaka kujua povu la bia linakaaje juu ya glasi bila kushuka, na kwa nini chipsi za kwenye bango hazina hata moja iliyoungua. Niliwaambia ninayoyajua: kwamba wapigapicha wa vyakula wamewahi kumimina gundi nyeupe badala ya maziwa na povu la kunyolea badala ya malai, kwa sababu vitu hivyo havilowanishi chakula wala haviyeyuki chini ya taa. Hadithi waliyoipenda kuliko zote ni ya kampuni ya supu ya Campbell, ambayo mwishoni mwa miaka ya 1960 matangazo yake huko Marekani yalipigwa picha baada ya kutia gololi za kioo chini ya bakuli ili mboga zilizozama zibaki juu na supu ionekane imejaa. Tume ya Biashara ya serikali kuu ililivalia njuga suala hilo, na kampuni ikakubali kuacha. Kwa mwezi mzima baada ya hapo, kila mtu nyumbani alipopakuliwa mchuzi wenye nyama nyingi juu, aliuliza kama kuna gololi.

Pakiti ya unga wa juisi ilitufundisha jambo jingine. Mbele yake palikuwa na embe lililokatwa, jekundu-manjano, linachuruzika. Nilimpa binti kazi ya kulitafuta embe hilo nyuma ya pakiti, nikimweleza kwamba viambato huorodheshwa kuanzia kilicho kingi. Alisoma kwa kidole: sukari, asidi ya sitriki, na kuendelea, hadi alipofika kwenye neno "ladha" na neno "rangi". Akageuza pakiti mara tatu. Embe halikuwemo. Nje, kwenye mkokoteni ulioegeshwa kando ya barabara, maembe yenyewe yalikuwa yanauzwa kwa mafungu, yana mavumbi na alama nyeusi za utomvu, na hakuna mtu aliyeyapiga picha.

Sasa nifike kwenye lile shimo. Mwezi wa Aprili mwaka huohuo 2024, nchi yetu ilipoanza kutoa kwa dozi moja chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, gari la matangazo lilipita mtaani kwetu likiwahimiza wazazi. Binti yangu alikuwa katika umri huo. Kaka yake alimwambia, kwa sauti ya mtu aliyehitimu, "Usikubali. Hilo nalo ni tangazo. Matangazo yote ni uongo." Nilikuwa nanyoa ndevu, nikaacha nusu ya uso.

Lilikuwa kosa langu. Nilikuwa nimemfundisha kufunua matamvua, naye akahitimisha kwamba samaki wote wameoza, jambo ambalo linampunguzia mtu kazi kwa kiasi kikubwa, kwani anayeamini kwamba wote ni waongo hana tena haja ya kubonyeza wala kunusa. Naogopa kwamba malezi mengi yanayoitwa ya kuwafumbua watoto macho huishia hapo. Mtoto anatoka na dharau na kudhani amepata akili. Na mtu mwenye dharau ni mteja mzuri sana wa tapeli anayefuata, yule anayeanza kwa kusema, "Wengine wote wanakudanganyeni."

Tulikaa watatu uani, nikawauliza tofauti kati ya gari la chanjo na redio ya daladala. Haikuja haraka. Walisema kwanza kwamba chanjo ni ya bure, nikawakumbusha kwamba hata bahati nasibu ilitangazwa kuwa ni bure kujiunga. Walisema chanjo ni ya serikali, nikawaambia kwamba hilo peke yake halitoshi. Ni binti aliyesema hatimaye kwamba wa chanjo tunaweza kwenda kuwauliza. Kesho yake tulikwenda zahanati, naye alimuuliza muuguzi maswali manne aliyoyaandika kwenye daftari, likiwemo la kama sindano inauma na la kwa nini wavulana hawachomwi. Muuguzi alijibu yote, pamoja na kukiri kwamba mkono utauma kwa siku moja au mbili. Hakukuwa na sauti nyembamba ya kukimbia mwishoni. Kwa lugha ya bibi yao, muuzaji huyu alimfunua samaki mwenyewe na kungoja. Binti alichanjwa.

Kaka yake alikuwa na vita yake nyingine, ya kubeti. Mtoto wa kiume anayependa mpira mjini hapa hawezi kuikwepa, maana jina la kampuni ya kubashiri lipo kwenye jezi, pembeni mwa uwanja, na katikati ya uchambuzi wa mechi redioni, na sheria inayomkataza mtu wa chini ya miaka 18 kucheza haimkatazi kusikia. Wenzake shuleni walikuwa wakipanga mikeka, yaani orodha za mechi za kubashiri, kwa kutumia simu za kaka zao. Niliona kwamba kumwambia ni dhambi, au ni umaskini, ni kushindana na picha ya kijana aliyebeba hundi kubwa kama mlango. Nilimpa sarafu ya shilingi 200. Nilimwambia achukulie kila mechi ni ya nusu kwa nusu, na mkeka wa mechi 10 ni sawa na kurusha sarafu ikaangukia upande uliouchagua mara 10 mfululizo. Alirusha kuanzia baada ya chakula cha jioni mpaka mama yake aliposema ama sarafu inyamaze ama ihamie nje. Alichofikia ni mara 6. Usiku huo alizidisha mbili kwa mbili kwenye daftari la hisabati mpaka akapata 1,024, na kuandika pembeni: mmoja katika hao ndiye aliye kwenye bango. Sijui kama ataikumbuka hesabu hiyo akiwa na miaka 20 na mshahara mfukoni, lakini aliipata kwa mkono wake.

Jambo linalowasumbua vijana kuliko wadogo ni tangazo lisilojitangaza. Mchekeshaji anayefuatwa na maelfu kwenye simu anaporekodi kichekesho huku chupa fulani imegeuzwa jina mbele, kijana wangu aliapa kwamba ni kiu tu. Tuliangalia vichekesho 5 vya mtu huyohuyo na katika vyote alikuwa na kiu ileile. Inatosha kwa hilo.

Sitakuwa mkweli nikiandika haya yote kana kwamba watoto ndio wanaohitaji kufundishwa. Kijana wangu alipoingia darasa la tano, mimi na mama yake tulimhamishia shule moja ya binafsi kwa sababu ya bango. Nalikumbuka vizuri, kwa jicho la fundi: herufi za buluu iliyokolea, picha za watoto wanane waliovaa majoho, na maneno "Ufaulu Asilimia 100" yaliyojaza theluthi ya nafasi. Tuliuza kiwanja kidogo cha Kisesa kupata ada. Mwishoni mwa darasa la sita, mwaka 2022, kijana alipata wastani wa 61, na shule ilitaka 65. Tuliitwa ofisini, tukapewa kiti na soda, na kuelezwa kwa adabu kwamba ama arudie mwaka ama tumtafutie mahali pengine panapomfaa. Katika darasa lao la watoto 40 na ushee, walioandaliwa kwenda darasa la saba hawakufika nusu. Nilipokuwa nikishuka ngazi nililitazama tena bango lile ukutani, na halikuwa na uongo wowote. Waliofanya mtihani walifaulu wote.

Mwezi mmoja baadaye, Januari 2023, Baraza la Mitihani lilitangaza matokeo ya kidato cha nne bila orodha ya shule bora na wanafunzi bora, likieleza kwamba limeachana na utaratibu huo. Nililipokea jambo hilo kwa faraja ya mtu aliyekwisha kuuza kiwanja. Kijana alimalizia darasa la saba kwenye shule ya serikali iliyo jirani na nyumbani, akafaulu mwaka 2023, na kitu alichotoka nacho kule ni swali ambalo sikumfundisha mimi. Akiona picha ya kundi lolote linalotabasamu huuliza, "Na ambao hawamo kwenye picha wako wapi?" Huliuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeulizia chumvi.

Watu huniuliza kama naona haya, kutengeneza mabango mchana na kuwafundisha watoto kuyatilia shaka usiku. Naona, siku nyingine. Macho ya samaki sipandikizi tena. Nimemwambia yule mteja wa sato aje na picha ya alfajiri, naye akanielewa, ingawa alinung'unika kuhusu kuamka. Lakini duka si langu peke yangu, kodi ya pango hailipwi kwa shaka, na kuna kazi nazozifanya huku nikiwa nimekunja uso.

Oktoba iliyopita alikuja mteja kutoka shule nyingine, si ile yetu, akitaka bango la mita 4 kwa 2. Alikuwa na maneno yake tayari: asilimia 100, herufi kubwa, rangi ya dhahabu. Nilimuuliza waliofanya mtihani walikuwa wangapi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa umri wa mkewe, akanitajia idadi. Nilimwambia idadi hiyo isipokuwepo sitachapa, na yeye akasema haina shida, niiweke chini kabisa, kwa herufi ndogo, rangi ya kijivu. Tulivutana kidogo kuhusu udogo wake. Tulikubaliana, akalipa malipo ya awali, nikachapa.

Bango lilikuwa limetandazwa sakafuni likikauka wakati binti yangu alipopitia dukani kutoka shule, kama afanyavyo kila siku kabla ya kupanda daladala la nyumbani. Aliweka begi mezani. Hakutazama dhahabu wala watoto wenye majoho. Alizunguka hadi upande wa chini, akachuchumaa, akainamisha kichwa mpaka pua ikakaribia kugusa wino.

"Walikuwa 14, baba," alisema. Kisha akaomba hela ya andazi.